Mikono Iliyobaki Willow: Kumbukumbu za Msaidizi katika Mbio za Iditarod

Kumbukumbu hizi niliziandika usiku, kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huganda ndani ya kalamu mahali ambapo baridi hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Nilikuwa msaidizi katika kambi ya mbwa karibu na Willow, Alaska, nikimtumikia mwendeshaji mmoja aliyekuwa akiingia kwa mara ya kwanza katika Iditarod, mbio ndefu za sleji, yaani vigari vya kuteleza juu ya theluji vinavyovutwa na mbwa. Sitalitaja jina lake, maana yeye ni mtu wa faragha na mbio hizo alizikimbia kwa ajili yake mwenyewe na mbwa wake. Baadaye nilizisafisha sentensi na kuongeza maelezo machache pale ambapo msomaji angepotea. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Jumatatu, wiki tatu kabla ya kuondoka

Leo tumemwaga kila kitu sakafuni na kuanza kuhesabu. Njia yote, kutoka Willow hadi Nome kwenye pwani ya Bahari ya Bering, ina urefu wa takriban maili 1,000, yaani kilomita 1,600, na hakuna mwendeshaji anayeweza kupakia chakula cha safari nzima ndani ya sleji moja. Kwa hiyo chakula hutangulia. Kila timu hufungasha mifuko, huandika juu yake jina la mwendeshaji na jina la kituo, kisha mifuko hiyo hukabidhiwa waandaaji katikati ya Februari, nao huisafirisha kwa ndege ndogo hadi vijiji na vibanda vilivyo njiani. Mfuko mmoja hautakiwi kuzidi ratili 60, kama kilo 27. Ukishautoa mkononi mwako hutauona tena, na kosa lolote uliloliweka ndani yake litasubiri huko huko kwenye theluji hadi mwenyewe atakapofika kulifungua.

Mwaka huu ni wa shufwa, hivyo njia ni ile ya kaskazini, inayopita Cripple, Ruby na Galena. Katika miaka ya witiri mbio hushika njia ya kusini, kupitia mji uliohamwa wa Iditarod uliozipa mbio hizi jina lake. Tunaorodhesha vituo kwa utaratibu wake na kukipa kila kimoja rundo lake: nyama ya ng'ombe iliyogandishwa na kukatwa vipande, mafuta ya wanyama, samaki aina ya samoni waliokatwa mapande membamba ili mbwa watafune wakiwa wamesimama, chakula kikavu cha mbwa, betri za taa ya kichwani, glavu kavu, plastiki za kubadilisha chini ya sleji, na chakula cha mwendeshaji mwenyewe, ambacho karibu kila mara ndicho kinachosahauliwa. Mbwa mmoja wa mbio ndefu, mwenye uzito wa kilo 20 na kitu hivi, huhitaji kalori 10,000 au zaidi kwa siku. Ukiizidisha hesabu hiyo kwa mbwa 14, utaelewa kwa nini shoka la kukatia nyama liliniota malengelenge viganjani kabla ya adhuhuri.

Jumanne

Leo ilikuwa zamu ya soksi. Mtu asiyezijua mbio hizi hucheka anaposikia kwamba mbwa huvishwa soksi, lakini theluji yenye chembe kali za barafu huchana nyayo kama msasa, na mbwa aliyechubuka unyayo hawezi kwenda mbali. Ni vifuko vya kitambaa kigumu, vyenye ukanda wa kunata unaofungwa juu ya kifundo. Mbwa 14 ni miguu 56. Ukizibadilisha mara 20 tu, umeshatumia soksi 1,120. Tumezifunga kwa ukubwa, kubwa kwa utepe mwekundu na ndogo kwa utepe wa buluu, kisha tukazigawa katika mifuko.

Kufikia saa nne usiku tulikuwa watu wawili tu bandani, na hesabu ya vituo vya pwani niliifanya haraka kuliko ilivyostahili. Ninaandika hivyo kwa sababu nilikwisha kulihisi wakati nikifunga kamba ya mfuko wa mwisho, nikajiambia kwamba uchovu tu ndio unaonitia wasiwasi.

Jumatano

Tumeipeleka mifuko yote. Karani aliipima mmoja mmoja, na tulilazimika kupunguza miwili iliyozidi. Njiani kurudi, mwendeshaji alinieleza alivyofika hapa. Mtu haamki tu asubuhi akajiandikisha: mgeni wa Iditarod sharti awe ametimiza miaka 18, na awe amemaliza mbio za kufuzu zilizoidhinishwa ambazo jumla yake haipungui maili 750, zikiwemo za maili 300. Tena haitoshi kumaliza tu, kwa kuwa wasimamizi wa mbio hizo huandika taarifa kuhusu alivyowatunza mbwa wake. Yeye alitumia majira mawili ya baridi kukusanya maili hizo. Mwezi Desemba alihudhuria kikao cha lazima cha wageni, ambako waliotangulia huwaonyesha mahali ambapo watu hupotea, huvunja sleji au hulowa.

Mbwa nao wana masharti yao. Kanuni zinataka wawe wa jamii za kaskazini, wenye manyoya yanayostahimili baridi. Sharti hilo lina hadithi: kuanzia mwaka 1988 mwendeshaji aitwaye John Suter alishiriki mara kadhaa akiwa na mbwa wa aina ya pudo katika timu yake, na baadhi yao walipolala manyoya yao yaligandiana na barafu, hata ikaamuliwa kwamba mchezo huo ukome. Wetu ni wa aina iitwayo haski wa Alaska, ambayo si uzao safi wenye cheti bali ni mchanganyiko uliochaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya miguu, hamu ya kula na moyo wa kuvuta. Mtu akiwaona wamejikunja mbele ya vibanda vyao angewadhania mbwa koko.

Jumatano, siku nne kabla ya kuondoka

Wiki mbili zilizopita zilikuwa za kukimbiza mbwa na kuwachunguza, na sina mengi ya kuandika juu yake. Mbwa wote wameshatolewa damu na kupimwa umeme wa moyo, wamepewa chanjo na dawa ya minyoo, na kila mmoja ana chipu ndogo chini ya ngozi inayomtambulisha, ili pasiwepo udanganyifu wa kubadilisha mbwa njiani.

Leo tulikuwa Wasilla, makao makuu ya mbio, kwa uchunguzi wa mwisho. Madaktari wa wanyama waliwapapasa mbwa kuanzia mabega hadi vidole, wakakunja kila kiungo na kusikiliza mapafu. Nilimshika Wren, jike mdogo anayetangulia mbele ya timu, na alitetemeka wakati wote, kwa hamu na wala si kwa woga. Daktari alinikumbusha jambo ambalo wasaidizi hulipuuza: mbwa wanaweza kupimwa mkojo wakati wowote wa mbio, na orodha ya dawa zilizopigwa marufuku ni ndefu, kwa hiyo hata kidonge cha maumivu kinachodondoka kutoka mfuko wa koti la mtu na kulambwa na mbwa kinaweza kumharibia mwendeshaji kazi ya miaka. Nimeviondoa vidonge vyangu vyote garini.

Alhamisi

Kikao cha waendeshaji kilichukua sehemu kubwa ya mchana. Nilikaa ukutani pamoja na wasaidizi wengine, na hapo ndipo nilipozisikia kanuni zikisomwa na kufafanuliwa na watu waliowahi kuadhibiwa kwa kuzivunja, jambo linalozipa uzito ambao karatasi haina.

Kanuni za mapumziko ndizo zinazoamua mbio. Kila timu lazima isimame saa 24 mfululizo mara moja, katika kituo itakachokichagua yenyewe. Isimame saa nane katika mojawapo ya vituo vya mto Yukon. Na isimame saa nane nyingine White Mountain, maili 77 kabla ya Nome. Mapumziko mengine yote ni hiari ya mwendeshaji, na wenye busara huwapumzisha mbwa muda unaokaribiana na ule wanaokimbia. Kwa kuwa timu huondoka kwa kupishana dakika mbili, tofauti hiyo hufidiwa ndani ya mapumziko ya saa 24: ikiwa timu ya mwisho ina namba 40 na wewe una namba 31, umeitangulia kwa dakika 18, basi wewe utapumzika saa 24 na dakika 18. Namba 1 haipewi mshindani yeyote, kwani huhifadhiwa kwa heshima ya mtu aliyeutumikia mchezo huu, na timu ya kwanza kukimbia huvaa namba 2.

Kisha vikaja vifaa vya lazima, ambavyo mkaguzi huviangalia katika vituo. Sleji haitakiwi kuondoka bila mfuko wa kulalia unaofaa baridi kali, shoka la ukubwa uliowekwa, jozi ya viatu vipana vya kutembelea thelujini, jiko na sufuria yenye uwezo wa kuchemsha galoni tatu za maji, mafuta ya jiko hilo, chakula cha dharura cha mbwa, kebo ya kuwafungia mbwa, soksi nane kwa kila mbwa zikihesabiwa pamoja na zile alizovaa, na daftari la daktari ambalo hutiwa saini kituo hadi kituo. Pia kuna bahasha za barua. Kila mwendeshaji hubeba furushi dogo la barua na kuzifikisha Nome kugongwa muhuri wa posta, kwa kuwa njia hii ilikuwa ya barua na ya wachimba dhahabu kabla ya kuwa ya mashindano. Nilipoipitia orodha hiyo kwa mara ya pili niligundua kwamba mfuko wa kulalia na viatu ndivyo pekee vinavyomhusu binadamu moja kwa moja. Hata lile jiko ni la mbwa kwanza: mwendeshaji anaposimama huyeyusha theluji, huwapikia, huwavua soksi, huwakanda misuli, na yeye hula mwisho kama bado ana nguvu za kutafuna.

Kilichonigusa mimi binafsi ni kanuni inayokataza msaada wa nje. Baada ya mstari wa kuondokea, mimi si kitu. Siruhusiwi kumlisha mbwa, kumshikia kamba wala kumletea glavu. Waendeshaji wanaweza kusaidiana katika dharura, kwani hiyo ni desturi ya nchi ya baridi, lakini msaidizi aliyelala na mbwa hao majira yote ya baridi anageuka kuwa mtazamaji. Kuanzia Jumapili, kazi yangu itaendelea kuwepo njiani ndani ya ile mifuko tu.

Kikao hakikukosa maswali kuhusu muusi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu ambaye huipenda njia iliyoshindiliwa na huwa hana nia ya kuipisha timu. Mwaka 1985 muusi mmoja aliivamia timu ya Susan Butcher na kuua mbwa wake, akalazimika kujitoa. Mwaka huo Libby Riddles akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizi. Mwendeshaji anaruhusiwa kubeba bunduki, lakini akimuua mnyama wa porini kwa kujilinda, kanuni inamtaka ampasue na kumtoa matumbo ili nyama isioze, kisha atoe taarifa kituo kinachofuata. Tena timu zinazofuata hazipiti mpaka kazi hiyo iishe. (Ninaongeza sasa, wakati wa kusafisha maandishi: mwaka 2024 Dallas Seavey aliongezewa adhabu ya saa mbili kwa kutomsafisha muusi ipasavyo, na bado akashinda, ukiwa ni ushindi wake wa sita.)

Usiku katika karamu, mwendeshaji wetu aliingiza mkono ndani ya kiatu cha manyoya na kuchomoa namba yake. Ilikuwa ya nyuma. Alifurahi, akisema kwamba mgeni anayetangulia husikia timu za nyuma zikimkaribia muda wote na huwakimbiza mbwa wake kupita kiasi.

Jumamosi

Leo ilikuwa sherehe wala si mbio. Theluji huletwa kwa malori na kumwagwa katika barabara ya Nne ya Anchorage, na timu hupita katikati ya umati hadi uwanja mdogo wa ndege wa Campbell, maili 11 tu, ambazo muda wake haumo katika hesabu ya mshindi. Ndani ya sleji hukaa mgeni aliyelipia nafasi hiyo, na nyuma hufungwa sleji ya pili yenye msaidizi wa kusaidia kukanyaga breki, kwa sababu mbwa waliopumzika na kusikia kelele za watu ni nguvu isiyosikia maneno. Msaidizi huyo nilikuwa mimi. Katika kona ya kwanza niliburutwa upande kama gunia, nikashikilia, na nadhani nilipiga kelele.

Anga ilipotulia kule msituni nilimwangalia Flint, dume la mgongo mweusi linalovuta karibu kabisa na sleji. Mbwa wa mbele wanatakiwa kuwa na akili ya kusikia kulia na kushoto; wa nyuma kabisa wanatakiwa kuwa na mgongo, maana wao ndio hupokea uzito wote sleji inapogonga kisiki. Flint alikimbia bila kugeuza kichwa mara moja. Nilijua kwamba kesho saa kama hii nitakuwa nimemwachia.

Jumapili, kuondoka Willow

Mbwa 14 wako kwenye kamba kuu. Idadi ya juu inayoruhusiwa imebadilishwa zaidi ya mara moja katika historia ya mbio hizi. Kwa miaka mingi ilikuwa 16, na mwaka 2019 ilishushwa hadi 14. (Baadaye ilirudishwa tena hadi 16.) Idadi ya chini ya kufikisha Nome ni mbwa watano. Anayeachwa njiani harudi tena katika timu, na hakuna mwingine anayeongezwa.

Tuliwavisha mikanda, tukawavisha soksi 56, na ilipofika zamu yetu watu kumi walihitajika kuwashikilia hadi kwenye mstari juu ya ziwa lililoganda. Kelele yao haielezeki: kila mbwa anaruka juu na kubweka kwa sauti yake, na kamba zinalia kama nyuzi za ala iliyokazwa mno. Kisha nanga ikang'olewa, mwendeshaji akasema neno moja kwa sauti ya chini, na ghafla kukawa kimya. Mbwa hawabweki wanapovuta. Nilibaki nimeshika kipande cha kamba kisicho na kitu mwishoni.

Jumatatu na Jumanne

Nipo Anchorage, nikisubiri mbwa watakaorudishwa. Kila sleji imefungwa kifaa cha setilaiti, hivyo timu yetu sasa ni nukta yenye namba kwenye skrini. Nukta ilipita Skwentna usiku, ikafika Finger Lake asubuhi, ikashuka zile ngazi za mto Happy ambako njia huporomoka kwa hatua kali na sleji nyingi huvunjika, ikasimama Rainy Pass. Jumanne ilivuka safu ya milima ya Alaska na kuteremka korongo la Dalzell, lenye madaraja ya barafu juu ya maji yanayotiririka, hadi Rohn.

Jioni nikapigiwa simu: mbwa mmoja ameachwa Rohn. Anayeachwa hujaziwa fomu yenye sababu, huachwa na kebo fupi na chakula, hutunzwa na madaktari wa kituo, kisha hurudishwa na marubani wanaojitolea. Nilimpokea siku iliyofuata akiwa na bega lililovimba kidogo na hasira nyingi. Alikataa kulala garini. Alisimama akiangalia upande ule ndege ilikotokea.

Alhamisi

Wamepumzika saa 24 zao Takotna, kijiji kidogo kinachosifiwa na waendeshaji kwa maandazi ya matunda ambayo wanakijiji huwaandalia. Mbwa hulala juu ya nyasi kavu. Kila timu hupewa robota lake kituoni. Katika picha moja iliyotumwa nilimhesabu kila mmoja, na niliwaona wote 13, wamejikunja na mikia imefunika pua.

Nafasi yao ni ya nyuma, nami nimeanza kuisoma kanuni ya ushindani kwa jicho jipya. Timu inayofika McGrath zaidi ya saa 72 baada ya kiongozi wa mbio, au Galena zaidi ya saa 96, au Unalakleet zaidi ya saa 120, huhesabiwa kuwa haishindani tena na inaweza kuondolewa. Wapo wanaoiona kuwa ni ukatili kwa wageni. Mimi nadhani ni ya haki, kwa kuwa vituoni wanakaa watu na madaktari wanaojitolea, na njia haiwezi kubaki wazi bila kikomo. Katika mbio za kwanza kabisa mwaka 1973, ambazo Joe Redington na wenzake walizianzisha ili mbwa wa sleji wasifutwe na pikipiki za theluji, mshindi Dick Wilmarth mwenyewe alitumia takriban siku 20.

Jumapili

Cripple walipita Ijumaa, na saa nane za Yukon wamezimalizia Ruby. Sasa wako juu ya mto wenyewe, mpana na mweupe, wenye upepo wa uso kwa uso. Amewaacha mbwa wengine wawili Galena. Sababu iliyoandikwa ni uchovu, na ninapenda kwamba fomu ina nafasi ya neno hilo. Watetezi wa haki za wanyama wamezipinga mbio hizi kwa miaka mingi kwa sababu ya mbwa waliokufa njiani, na kwa kweli wapo waliokufa. Anayepoteza mbwa sharti ampeleke kituoni achunguzwe kilichomuua, na mara nyingi safari ya mwendeshaji huishia hapo. Sitaki kubishana na wapinzani hao. Nimesema tu kwamba alipoona mbwa wawili wamechoka, aliwaacha.

Jumatano

Unalakleet wamefika ndani ya muda, nikapumua. Mshindi alishaingia Nome jana.

Usiku nikaona nukta imekaa Shaktoolik kuliko ilivyotarajiwa. Mbele yao kuna barafu ya bahari, maili 50 hivi hadi Koyuk, bila mti wala kilima cha kujikinga na upepo. Saa nne. Saa sita. Saa nane. Nilifikiria mbwa mgonjwa, nikafikiria dhoruba, lakini ripoti ya hewa haikusema dhoruba. Kisha, saa tisa ya kusubiri, nikaukumbuka ule usiku wa soksi na mfuko wa mwisho, na utepe niliokuwa nao mkononi wakati nikifunga kamba. Ulikuwa wa buluu. Sikumbuki kuweka nyekundu.

Timu yake imebaki na mbwa wakubwa zaidi. Wadogo wote, isipokuwa Wren, wamesharudi kwangu.

Ijumaa, Nome

Nimefika kwa ndege. Mji mzima unajua ratiba ya kila nukta. Mwishoni mwa barabara ya Front limesimama lango la gogo lenye vinundu, na juu yake inaning'inia taa inayowaka tangu mbio zilipoanza, ambayo haizimwi mpaka mwendeshaji wa mwisho awe ameingia. Huyo wa mwisho hupewa tuzo ya taa nyekundu. Mwaka 1925 mji huu ulikumbwa na ugonjwa wa dondakoo, na dawa ikaletwa kutoka Nenana kwa kupokezana, timu 20 katika maili 674, ndani ya siku tano na nusu. Watu hapa huuliza kwanza kuhusu Togo, mbwa wa Leonhard Seppala aliyebeba sehemu ndefu na ya hatari, ndipo wakubali kuzungumza juu ya Balto, mbwa wa timu ya mwisho iliyoifikisha dawa hapa.

Nukta iko White Mountain, katika zile saa nane za mwisho. Sikulala.

Jumamosi, kabla ya alfajiri

King'ora cha mji kililia, nami nilikuwa nimeshasimama. Walitokea upande wa bahari, taa moja ya kichwani, mbwa kumi na mmoja. Muda huhesabiwa pua ya mbwa wa kwanza inapovuka mstari, na pua hiyo ilikuwa ya Wren.

Nilitaka kukimbia, lakini mkaguzi aliinua mkono, kwa kuwa sleji ilikuwa haijakaguliwa. Mfuko wa kulalia, shoka, viatu, jiko, daftari lenye saini za vituo vyote, furushi la barua. Kisha soksi: mbwa 11, soksi 88. Alizihesabu zile za miguuni, 44, akaanza zile za ndani ya mfuko. Nyingi zilikuwa zimefifia rangi na zimekakamaa, zilizotumika, zikaoshwa na kukaushwa juu ya jiko la kituo cha Shaktoolik moja moja, kwa saa tisa, mpaka zikatosha kuvuka barafu. Arobaini na nne. Mkaguzi akatia saini.

Ndipo mwendeshaji akavua glavu, akatoa mfukoni fungu la soksi ndogo, jipya kabisa, lenye utepe wa buluu ambao haujafunguliwa, akanipa bila kusema kitu, na akaenda kumkumbatia Flint. Nililitia mfukoni na kuanza kuwavua mbwa soksi, kwa kuwa sasa kanuni iliniruhusu.